Maji Katika Nguo: Mashine ya Kukaushia, Kazi Yake na Hatari Zake

Masika yaingiapo katika miji ya pwani, kufua hakubadiliki. Kinachobadilika ni kuanika. Nguo iliyotundikwa asubuhi hukutwa jioni kambani ikiwa bado nzito, na ikilala hivyo hadi siku ya pili huanza kuvunda. Uvundo huo si dalili kwamba nguo haikufuliwa vizuri, bali ni kazi ya bakteria na kuvu wanaostawi katika uzi ulio mbichi. Kwa mwanafunzi mwenye sare moja tu, na kwa wadi ya hospitali inayongoja mashuka, jambo hili si dogo.

Hata kiangazi kina adha yake. Yuko nzi wa Afrika ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga, na ambaye wengi humjua kuwa nzi wa maembe. Jike hutaga mayai katika mchanga wa kivulini, na kadhalika katika nguo zenye unyevu zilizoachwa nje. Buu linapoanguliwa hupenya ngozi ya mtu na kufanya uvimbe kama jipu. Joto la pasi huua mayai hayo, na hiyo ndiyo sababu mama wengi hupiga pasi nepi pande zote mbili, pamoja na mishono, ijapokuwa hakuna atakayezitazama.

Basi si ajabu kwamba mashine ya kukaushia nguo, iliyodhaniwa zamani kuwa anasa ya nchi za baridi, sasa imo katika hoteli, hospitali na baadhi ya nyumba za ghorofa za Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Wazo lenyewe si geni. Tarehe 7 Juni 1892 Mmarekani mweusi, George T. Sampson wa mji wa Dayton, Ohio, alipewa hataza ya fremu ya kutundikia nguo karibu na jiko, ili joto la jiko lizikaushe. Mashine zenye pipa linalozungushwa kwa umeme zilienea katika nyumba za Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini mnunuzi wa leo aghalabu huichukua mashine kama sanduku la miujiza: anatia nguo, anabonyeza kitufe, anaondoka. Kinachofuata ni bili ya umeme inayomshangaza, nguo zilizonywea na, mara nyingine, moto. Mambo yote matatu yanaelezeka kwa fizikia na kemia za shule ya sekondari.

Gharama ya kuyageuza maji kuwa mvuke

Kukausha nguo maana yake ni kuyatoa maji katika uzi na kuyapeleka mahali pengine. Yakitolewa kwa kugeuzwa mvuke, yanadai joto jingi ajabu. Kuipasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 30 za sentigredi hadi nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 294 hivi. Kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke, hata bila kuichemsha, kunahitaji kilojuli 2,400 hivi, yaani karibu mara 8 zaidi. Hilo ndilo joto ambalo vitabu huliita joto fiche: haliongezi nyuzi hata moja katika kipimajoto, kwani kazi yake ni kuzitenga molekuli za maji zilizoshikamana. Mtu aliyelowa hutetemeka upepo ukivuma kwa sababu iyo hiyo. Maji yanayokauka mwilini huchukua joto fiche kutoka katika ngozi yake.

Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Hivyo kila kilo ya maji inayogeuzwa mvuke haina budi kula theluthi mbili ya uniti, hata mashine ikiwa haipotezi joto lolote. Na kila mashine ya kawaida yenye hita hupoteza kiasi. Hakuna fundi wala kiwanda kinachoweza kuikwepa hesabu hii kwa kuongeza vitufe.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye mashine halihusu kukausha, bali linahusu kukamua. Chukua nguo za pamba zenye uzito wa kilo 5 zikiwa kavu. Zikitoka katika mashine ya kufulia inayokamua kwa mizunguko 800 kwa dakika, hubaki na maji yapatayo asilimia 70 ya uzito wake mkavu, yaani kilo 3.5. Mizunguko ikiwa 1,400, hubaki asilimia 50 hivi, yaani kilo 2.5. Tofauti ni kilo moja ya maji, nayo ni theluthi mbili ya uniti iliyookolewa kabla hita haijawashwa. Je, ukamuaji wenyewe ulikula kiasi gani? Tuseme mota ilitumia wati 500 kwa dakika 10. Hizo ni kilojuli 300. Kilojuli 300 zimefanya kazi ambayo joto lingeifanya kwa kilojuli 2,400. Maji yaliyokamuliwa yametoka yakiwa maji, bila kulipiwa joto fiche, na siri yote imo humo.

Nguvu ya ukamuaji huo yafaa kukokotolewa darasani. Pipa likiwa na nusu kipenyo cha sentimeta 25 na kuzunguka mara 800 kwa dakika, mchapuko ukutani mwake ni kama mita 1,750 kwa sekunde mraba, au mara 180 ya mchapuko wa dunia. Kwa mizunguko 1,400 hufika karibu mara 550. Ukuta wa pipa huishurutisha nguo kuzunguka. Maji yaliyofika kwenye matundu hayana wa kuyashurutisha, nayo huenda zake kwa mstari ulionyooka. Mwalimu asiye na mashine atumie mizani. Apime kanga ikiwa kavu, aipime ikiwa imekamuliwa kwa mikono ya mwanafunzi mmoja, kisha aipime ikiwa imesokotwa na wanafunzi wawili wanaovutana. Tarakimu tatu hizo zitafundisha zaidi ya ubao mzima wa maelezo.

Hewa ndiyo mbebaji

Watu wengi hudhani kwamba mashine hukausha kwa joto. Usemi huo ni nusu tu ya ukweli. Joto huyatoa maji katika uzi, lakini mvuke lazima ubebwe, na mbebaji ni hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 za mvuke. Kwa nyuzi 30 hubeba gramu 30, kwa nyuzi 40 gramu 51, na kwa nyuzi 60 gramu 130. Ongezeko hilo halifuati mstari ulionyooka. Mwanafunzi akilichorea grafu ataona linavyopinda kuelekea juu.

Sasa tazama siku ya masika huko pwani: nyuzi 30, na hewa imekwisha kushiba asilimia 80. Kila mita ya ujazo tayari ina gramu 24 za mvuke, na nafasi iliyobaki ni gramu 6 tu. Kilo 3 za maji zingehitaji mita 500 za ujazo za hewa hiyo, tena ikiwa kila mita imejazwa hadi ukomo wake. Pasipo upepo, nguo itangoja sana. Hewa hiyohiyo ikipashwa hadi nyuzi 60, mvuke uliomo hautoki, lakini uwezo wa kubeba umepanuka kiasi kwamba unyevu wake sasa ni chini ya asilimia 20. Hewa yenye kiu imetengenezwa kutokana na hewa iliyoshiba. Hiyo ndiyo kazi ya hita. Kazi ya feni ni kuiondoa hewa hiyo ikishajaa na kuleta nyingine, na kazi ya pipa ni kuzipindua nguo ili kila uso upitiwe. Feni ikizuiwa, hita haina faida. Na kama itakavyoonekana, hapo ndipo hatari huanzia.

Yafaa kuongeza, kwa haki ya kamba ya kuanikia, kwamba mita moja ya mraba inayoelekea jua la adhuhuri lisilo na mawingu hupokea takriban kilowati 1. Mita tatu za mraba za nguo juani hupata nguvu sawa na ya mashine kubwa ya nyumbani, wala hakuna mita ya umeme inayozihesabu. Mwenye ua, jua na pasi hana haja ya kununua mashine kwa miezi ya kiangazi.

Aina tatu

Mashine ya kwanza na ya zamani zaidi huvuta hewa ya chumbani, huipasha, huipitisha katika nguo na kuitupa nje kwa bomba. Bei yake ni ya chini na sehemu zake ni chache. Bomba lazima lifike nje ya nyumba kwelikweli. Likiishia chumbani, mashine huvuta tena mvuke wake yenyewe, kuta zikatoka jasho na dari ikaota kuvu. Vilevile hewa inayotupwa nje lazima ifidiwe. Chumba kilichofungwa kabisa huifanya feni ihangaike bure, na chumba chenye kiyoyozi hupoteza hewa baridi iliyokwisha kulipiwa.

Ya pili haina bomba la kwenda nje. Hewa yake huzunguka ndani, na baada ya kutoka katika nguo hupitishwa kwenye mabati membamba yanayopozwa na hewa ya chumbani. Hapo mvuke huwa maji tena na kushuka katika tangi, ambalo humwagwa na mtumiaji. Joto fiche lote lililotumika hurudi chumbani. Huko Ulaya wakati wa baridi ni neema. Dar es Salaam mwezi wa Februari ni adhabu. Isitoshe, hewa ya chumbani ikiwa na nyuzi 33, upozaji wenyewe hulegea na kazi hurefuka.

Ya tatu hutumia pampu ya joto, na kwa mawazo ya mwandishi yeyote wa fizikia ndiyo yenye akili. Ndani yake mna kompresa na gesi ya kupoza, kama friji. Upande wa baridi huitoa mvuke katika hewa na kulichukua lile joto fiche. Upande wa moto huirudishia hewa joto hilohilo kabla haijaingia tena katika pipa. Joto moja hutumika mara nyingi, nao umeme unaoliwa huwa karibu nusu ya ule wa mashine zenye hita. Kasoro zake ni bei, muda mrefu zaidi wa kazi, na mabati yanayozibika kwa vumbi la nyuzi yasiposafishwa. Uswisi iliweka tangu 2012 kiwango ambacho kwa vitendo ni mashine za namna hii tu zilizoweza kukifikia, na Umoja wa Ulaya ulifanya vivyo hivyo kwa mashine mpya kuanzia Julai 2025.

Jambo hilo la Ulaya linamhusu mnunuzi wa Afrika Mashariki, kwani vyombo vya umeme vilivyokwisha tumika ughaibuni huuzwa katika maduka ya hapa. Mashine yenye hita iliyoachwa na mwenyewe huko si lazima iwe mbovu, lakini bei yake ya dukani si bei yake halisi. Iliyobaki italipwa kwa uniti. Aangalie pia bamba la nyuma. Mashine ya Marekani imeundwa kwa umeme wa mara 60 kwa sekunde, na mara nyingi mota yake ni ya volti 120 ingawa hita ni ya volti 240. Katika umeme wa hapa, wa mara 50 kwa sekunde, transfoma inaweza kurekebisha volti lakini haibadilishi idadi hiyo ya mara: mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kupata moto kupita kiasi. Mashine ya namna hiyo ni heri iachwe dukani.

Hita ya wati 2,500 kwa volti 230 huvuta ampea 11 hivi. Plagi ya ampea 13 hubeba mzigo huo, lakini waya mwembamba wa kurefushia umeme, hasa ukiwa umekunjwa, haufai hata kidogo.

Moto

Nchini Marekani idara ya serikali ya mambo ya moto ilikadiria kwamba, kati ya 2008 na 2010, mashine za kukaushia nguo zilisababisha kila mwaka mioto 2,900 hivi majumbani, vifo vipatavyo 5 na majeruhi 100. Katika visa vingi kuliko vyovyote, asilimia 34, chanzo kilikuwa kutosafisha. Mnamo Agosti 2016 ghorofa kadhaa za jengo refu la Shepherd's Court, magharibi mwa London, ziliungua kwa moto ulioanzia katika mashine ya kukaushia iliyokuwa katika mojawapo ya makazi.

Kinachoungua kwanza aghalabu ni vumbi la nyuzi. Kila nguo inapopinduliwa huacha vipande vidogo vya pamba ambavyo hewa huvipeleka kwenye chujio. Pamba iliyosokotwa kuwa kamba huwaka polepole. Pamba hiyohiyo ikitawanywa kuwa manyoya mepesi huwa na eneo kubwa la kukutana na oksijeni, ikashika moto mara moja. Chujio likijaa, hewa hupungua. Hewa ikipungua, joto la hita halina wa kulichukua, nalo hupanda. Vumbi lililokwisha pita pembeni na kutua karibu na hita hungoja hapo. Hivyo kosa moja huzaa mambo mawili kwa pamoja: kiberiti na majani makavu. Chujio lisafishwe kila mara baada ya kukausha, si kila wiki, na bomba lifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara. Bomba liwe fupi, lisipondwe nyuma ya mashine, na liwe la chuma, si la plastiki.

Chanzo cha pili hakijulikani sana, nacho ni mafuta. Taulo za jikoni zilizolowa mafuta ya alizeti, au matambara yaliyofutia mafuta ya kitani, yakifuliwa hayatakati kabisa. Mafuta ya namna hii yana vifungo maradufu vingi katika molekuli zake, navyo huungana na oksijeni ya hewa na kutoa joto. Kambani joto hilo hupeperushwa. Lakini taulo zilizopashwa moto katika mashine, kisha zikakunjwa na kurundikwa kabatini zikiwa bado na joto, huyafungia humo. Mwungano huo huenda kasi zaidi kadiri joto linavyopanda, na rundo laweza kuwaka saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa, bila mtu kuligusa. Mafuta ya nazi, yenye vifungo maradufu vichache, hayana ukali huo, ingawa si ruhusa ya kuyatia. Nguo zenye petroli au tina za rangi zisiingizwe kamwe, hata zikiwa zimefuliwa. Sponji za mpira vivyo hivyo.

Dakika za mwisho mashine huzungusha nguo bila joto ili zipoe. Anayeikatiza kabla ya hapo azitoe nguo zote na kuzitandaza. Na mashine isiachwe ikifanya kazi wakati wenye nyumba wamelala au wametoka.

Ikigoma

Malalamiko makuu ni kwamba nguo hazikauki. Kabla ya kumwita fundi, atazame chujio, kisha mlango wa bomba ulio nje, ambao hewa inapaswa kuusukuma wazi. Katika mashine zisizo na bomba la nje, atazame tangi la maji na mabati ya kupozea. Mara nyingi ubovu ni vumbi tu. Yafuatayo ni uzito wa nguo, kwani pipa lililoshindiliwa halina nafasi ya kupindua, na ukamuaji dhaifu wa mashine ya kufulia, ambao hausingiziwi hata siku moja. Umeme pia una lawama yake. Nguvu ya hita hufuata mraba wa volti. Volti 230 zikishuka kuwa 200 wakati wa jioni, hita ya wati 2,500 hutoa 1,890 tu. Hapo si mashine iliyochoka.

Mota ikivuma na pipa halizunguki, aghalabu mkanda umekatika. Pipa likizunguka bila joto, imekatika ama hita ama fyuzi ya joto, na fundi atajua kwa kupima ukinzani plagi ikiwa imeng'olewa. Fyuzi hiyo hukatika kwa sababu. Kuibadilisha bila kuzibua njia ya hewa ni kununua nyingine mwezi ujao, na kuiunganisha kwa waya mtupu ni kuondoa kinga ya mwisho iliyosimama kati ya nyumba na moto.

Mashine za sasa nyingi hujizima zenyewe. Ndani ya pipa mna vipande viwili vya chuma ambavyo nguo mbichi, kwa kuwa hupitisha umeme kidogo, huviunganisha kila inapovigusa. Ukinzani ukipanda, mashine huamini kazi imekwisha. Dawa za kulainisha nguo huvipaka utando unaozuia umeme, nayo mashine hujizima nguo zikiwa bado na maji. Kitambaa chenye siki kidogo huutoa utando huo.

Lipo na lalamiko la kinyume, la nguo zinazoshikamana na kutoa cheche zinapovuliwa. Hapo zimekaushwa kupita kiasi. Pamba iliyokaa katika hewa ya kawaida hubeba maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake, sufu karibu mara mbili ya hayo, na poliesta chini ya asilimia 1. Maji hayo machache ndiyo yanayouwezesha uzi kuupitisha umeme wa msuguano ukapotea. Mashine ikiyaondoa, pamba itayanywa tena kutoka hewani ndani ya saa chache, na uniti zilizoyatoa zitakuwa zimekwenda bure. Nguo za pamba zinazotoka zikiwa na ubichi mdogo sana mishononi zimetoka kwa wakati wake, nazo hukubali pasi vizuri zaidi.